Maziwa Yasiyo na Mtoto

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu alikaa ghorofa mbili chini yetu, katika jengo refu la Bredäng, na kosa lake kwangu lilikuwa kwamba kila kitu kilimkubali. Alikuwa Mkenya, mwalimu wa shule ya msingi kabla hajamfuata mumewe masomoni, na alifika Stockholm mwaka mmoja baada yangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Miezi minane haikuisha, tayari alikuwa akizungumza Kiswidi na wazee wa dukani na kuchekesha watu kwenye foleni, wakati mimi bado nilikuwa naonyesha vitu kwa kidole. Baridi haikumpasua midomo. Viatu vizito vya theluji vilimkaa vizuri. Waume zetu walisoma chuo kimoja cha ufundi, kwa hiyo tulitarajiwa tuwe marafiki, na kwa kweli tulikuwa. Hapo ndipo wivu wangu ulipokosa pa kusemea. Ningemsengenya kwa nani, na vipi, hali yeye ndiye aliyeniletea maandazi kila Jumamosi?

Alipofika yeye, mimi nilikuwa nimekwisha kuugua na kutoka hospitali. Ugonjwa ulinianza majira yangu ya kwanza ya baridi. Mume wangu aliondoka asubuhi kungali na giza na kurudi giza limeshaingia tena, na kutwa nzima nilibaki peke yangu na bomba la joto lililo chini ya dirisha. Siku moja bomba likaanza kusema. Lilisema Kiswidi, lugha nisiyoijua, nami nikaelewa kila neno. Walikuwa watu wa jengo wakinijadili, jinsi ninavyopika, jinsi ninavyooga, lini nirudishwe kwetu Morogoro. Niliacha kuoga ili wasipate la kusema. Mume wangu aliponikuta nimejikunja ndani ya kabati la nguo na blanketi kichwani, alimwita daktari, na siku hiyohiyo nikalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilikaa wiki saba.

Kilichonitoa kule ni vidonge vya kutuliza akili. Sitaki kuvisema vibaya kabla sijavisema vizuri. Vilifanya kazi. Kwanza maneno ya bomba yalienda mbali, kisha yakawa manong'ono, kisha bomba likawa bomba. Lakini mikono yangu ilianza kutetemeka, ulimi ukakauka kama ganda la karanga, na mwili ukanenepa hata gauni nililokuja nalo kutoka nyumbani likawa halipiti mabegani.

Nilipotoka nilipangiwa muuguzi wa kliniki, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, ambaye alitaka nimwite kwa jina lake tu. Alikuwa na umri wa mama yangu. Sikuweza, nikawa simwiti chochote. Alinifundisha dawa yangu taratibu, nusu kwa Kiswidi chepesi na nusu kwa Kiingereza. Kidonge kimoja asubuhi, viwili jioni baada ya chakula. Nikisahau, nisifidie kwa kumeza maradufu, bali ningoje saa ya kidonge kinachofuata. Nikiamka niketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana damu hushuka na mtu akaanguka. Pombe niiache. Jua la kiangazi nilikwepe, hata kwa ngozi yangu. Na daktari yeyote atakayenigusa, hata wa meno, nimwambie ninameza nini. La mwisho alilirudia mara mbili, kwamba nisiache dawa kwa uamuzi wangu mwenyewe, hata nikijiona nimepona, hasa nikijiona nimepona. Hilo "hasa" lilinipita. Kuhusu siku zangu za mwezi hakusema neno, nami sikuuliza. Labda lilikuwamo katika karatasi aliyonipa, lakini karatasi ilikuwa ya Kiswidi.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa alipokuja yule Mkenya: mimi, mwanamke mzito mwenye mikono isiyotulia. Nakumbuka mchana mmoja kwake, akimimina chai. Aliinua birika juu kabisa, mkondo mwembamba ukashuka bila kuyumba mpaka kikombe kikajaa. Nilimchukia kwa muda wa kikombe kile kimoja. Kisha nikanywa chai, ilikuwa na tangawizi, nikamshukuru.

Alinipa habari zake tukiwa chumba cha kufulia, chini ya jengo. Tulikuwa tunakunja shuka pamoja, kila mmoja kashika pembe mbili.

"Dada," alisema, "nataka wewe uwe wa kwanza kujua. Nina mimba ya miezi miwili."

Nilimpongeza. Nilimkumbatia hata, shuka ikaanguka sakafuni ikabidi ifuliwe tena. Lakini nilipopanda na lifti peke yangu nilijitazama kwenye kioo na kujiuliza ni kitu gani ambacho yeye hakupewa. Mimi nilikuwa na miaka minne ya ndoa. Kila barua ya mama mkwe ilimalizia na swali lilelile, limeandikwa kwa heshima, na kila barua mume wangu aliikunja kabla sijafika mwisho. Yeye mwenzangu hakuwa na miaka miwili tangu aolewe.

Sasa, siku zangu zilikuwa zimekatika. Mwanzoni sikuzihesabu, maana tangu ugonjwa mambo mengi ya mwili wangu yalikwenda kombo. Lakini baada ya ile siku ya shuka nilianza kuhesabu, na nikapata miezi miwili. Wiki chache baadaye, nikiwa nasugua sufuria jikoni kwangu, niliona kifua cha gauni kimelowa mahali pawili. Nilidhani ni maji. Nikaingia bafuni, nikafungua vifungo, nikajiminya kidogo. Yalikuwa maziwa.

Siwezi kueleza furaha ile bila kuona haya, kwa sababu nusu yake haikuwa ya mtoto. Nusu ilikuwa hesabu. Mwezi wa tatu kwangu, wa tatu unakwenda wa nne kwake. Tuko sawa. Tena yeye, nilijua kwa kuwa nilimwuliza kwa mzunguko, maziwa alikuwa bado.

Nilipeleka mkojo wangu duka la dawa, ndivyo ilivyofanywa siku zile. Binti wa pale aliniuliza maswali kutoka kwenye fomu, na moja lilikuwa kama ninatumia dawa yoyote. Nyuma yangu walisimama watu wawili. Nikasema hapana. Nilipoenda kuchukua majibu, jibu lilikuwa ndiyo. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba vidonge vya aina yangu viliweza kudanganya kipimo cha wakati ule, na kwamba swali lile liliwekwa kwa sababu hiyo hasa.

Mume wangu alipopata habari aliketi chini kwenye zulia, mtu mzima, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Jioni ile alimwandikia mama yake. Mimi niliteremka ghorofa mbili kwa miguu, sikungoja lifti, nikamwambia mwenzangu, nikimwangalia uso. Nilitafuta humo walau kivuli cha wivu. Hakikuwapo. Alinishika mikono yote miwili, akasema watoto watakwenda shule pamoja. Hata hilo lilinikera, kwamba hakuweza kunionea kile nilichomwonea yeye.

Kwa wiki nne nilikuwa mjamzito. Watanzania wa Vällingby, mtaa mwingine wa Stockholm, walitualika tukala pilau, nikaketishwa kwenye kiti chenye mto. Kisha nikaenda kwa mkunga.

Mkunga alinigusa tumbo kwa muda mrefu, mahali palepale, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alitoka akarudi na daktari. Daktari naye akapima, akaosha mikono, akaketi, akaniuliza kama kuna dawa ninazomeza. Nilifungua mkoba nikatoa kichupa, nikakiweka mezani.

Aliniambia polepole kwamba hapakuwa na mtoto, wala hapakuwahi kuwa naye. Vidonge hivi, alisema, huweza kuamsha mwilini kile kinacholeta maziwa kwa mama anayenyonyesha, na mwili ukidhani unanyonyesha husimamisha hedhi. Mwili wangu ulikuwa umedanganyika tu, haukuharibika. Kulikuwa na njia za kurekebisha, kipimo kingeweza kupunguzwa, au dawa kubadilishwa. Lakini lifanywe na daktari wangu wa kliniki. Akampigia simu nikiwa nimekaa palepale, nikapangiwa Jumanne iliyofuata, na aliponiaga alinishika bega akarudia kwamba nisiguse vidonge mpaka Jumanne.

Jumanne sikwenda.

Nilimwambia mume wangu kwa sentensi moja, nikiwa nimempa mgongo. Hakunilaumu. Alisema tutamwandikia mama pole pole. Yule Mkenya alipopanda na bakuli la uji, tumbo lake likitangulia mlangoni, nilimwambia mimba imetoka. Nilidanganya, kwa sababu mtoto aliyetoka ni msiba, na msiba una heshima yake. Mtoto ambaye hakuwahi kuwapo ni kichekesho. Alilia pale kwenye kiti changu cha jikoni. Mimi sikulia.

Nikaacha vidonge. Nilijiambia ndivyo vilivyonidanganya, na kwamba tumbo langu likisafika litashika mimba ya kweli kabla yeye hajajifungua. Kila jioni mume wangu aliniuliza kama nimemeza, na kila jioni nilisema nimemeza, nikiwa nimevitupa chooni nikavuta maji.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Mikono ilitulia. Nilimimina chai na mkondo haukuyumba. Niliamka alfajiri mwepesi, nikatembea mpaka ziwani na kurudi, nikajiona nimepona. Hapo ningemkumbuka muuguzi na neno lake la "hasa", lakini aliyepona hana haja ya muuguzi. Kliniki ilileta barua mbili za kuniita. Nilizitia chini ya godoro.

Kisha usingizi ulipungua. Wakati wa kiangazi mabomba ya joto huzimwa, kwa hiyo safari hii sauti zilikuja kwa mabomba ya maji, jikoni. Hazikunitukana. Zilinipa pole. Zilisema nilinyang'anywa, na kidogo kidogo zikaeleza namna. Mtoto wangu alikuwapo, daktari aliona, lakini alikuwa ameteremka kwa bomba, ghorofa mbili, akaingia kwa mwingine. Nayaandika haya nikijua yanavyosikika. Wakati ule yalikuwa wazi kama hesabu ya darasa la pili. Na nikiri kitu kimoja, kwamba sauti hazikubuni wivu wangu. Ziliukuta umekaa sebuleni, zikaupa kazi.

Alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kiume. Alipotimiza siku kumi na mbili niliteremka kumwona, asubuhi, kama saa nne. Mama yake alifurahi kuniona. Alisema nimepungua, nimependeza. Alikwenda jikoni kuchemsha maji, nami nikamchukua mtoto kitandani, nikatoka, nikaingia lifti, nikapanda kwangu, nikafunga mlango kwa funguo.

Mtoto alianza kulia kabla sijaketi. Nikafungua vifungo nikampa titi. Alishika, akavuta, akaliacha, akapiga kelele. Nikampa la pili. Akafanya vilevile. Nikajiminya kama nilivyofanya bafuni ile mara ya kwanza, na hapakuwa na kitu. Maziwa yalikuwa yamekauka tangu nilipoacha vidonge, wala sikuwa nimetambua. Nilimwangalia yule mtoto akiwa mwekundu kwa kilio, nikashindwa kuelewa kwa nini mtoto wangu ananikataa.

Mlango ukagongwa, kidogo tu. Sauti ya mwenzangu ilikuwa chini.

"Dada, umeshika kichwa chake?"

Nikasema nimekishika.

"Vizuri. Endelea kukishika hivyo hivyo."

"Ni wangu," nikasema. "Aliteremka."

Nilimsikia akipumua upande wa pili wa ubao. "Awe wa nani, ana njaa," alisema. "Mimi niko na maziwa hapa nje. Fungua nimnyonyeshe, tutaongea yeye akiwa ameshiba."

Sauti za jikoni ziliniambia nisifungue. Lakini zenyewe hazikuwa na maziwa, wala mimi sikuwa nayo, na mtoto alikuwa analia. Nikafungua.

Hakumnyakua. Alinyoosha mikono, akangoja mpaka nilipomweka mwenyewe, kisha akaketi palepale sakafuni penye viatu akamnyonyesha. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Katika muda wote ule sikuwahi kuiona ikitetemeka, na hata ndani ya wazimu wangu nilijua ni mimi niliyeitetemesha. Jirani wa Kiswidi alikuwa ameshapiga simu. Mume wangu aliletwa kutoka chuoni, gari la wagonjwa likaja, na mimi nikaenda bila kubishana.

Safari ile nilikaa hospitali wiki tisa. Wiki ya tatu, nilipoanza kuwa mtu, muuguzi wangu wa kliniki alikuja akavuta kiti.

"Kwa nini hukuniambia habari za maziwa?" aliuliza.

"Hukuniuliza," nikasema.

Alifikiri kidogo. "Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza."

Tangu hapo, kila nilipoketi mbele yake, aliuliza yote, siku za mwezi, maziwa, uzito, choo, usingizi, kizunguzungu. Alinitaka ninyooshe mikono, nitoe ulimi, nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Karatasi ya maelezo tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari, mume wangu akitafsiri palipokuwa pagumu. Daktari alinibadilishia dawa, siyo kwa siku moja, bali ile ya zamani ikishuka ngazi na mpya ikipanda, kwa wiki kadhaa, mpaka wakapata kipimo kidogo kilichotosha kuzinyamazisha sauti. Alisema nikitaka mtoto niwaambie kabla, tupange pamoja, nisifanye siri tena. Majira ya baridi yaliyofuata siku zangu zilirudi. Niliketi bafuni nikalia kama aliyepata barua kutoka nyumbani.

Mwenzangu alikuja kunitazama mara moja hospitali, wiki ya sita. Alikuja bila mtoto. Aliketi mbali kidogo, mkoba mapajani.

"Nilikuogopa," alisema. "Bado nakuogopa. Lakini nimekuja."

Nilimwomba radhi, na nikamwambia ukweli kwamba sikupoteza mtoto, kwamba hakuwapo. Alisema mumewe ameshamweleza, alivyosikia kwa mume wangu. Kisha akaweka masharti yake, kwa upole wa mwalimu. Hataniacha peke yangu na mtoto mpaka yeye mwenyewe aone inafaa. Na kila tutakapokutana ataniuliza kama nimemeza dawa, na nisimkasirikie. Nilikubali yote mawili, na la pili nilimkasirikia kwa miaka. Aliniuliza kwenye lifti. Aliniuliza kituoni, treni ikiingia. Mimi nilimjibu ndiyo, na ilikuwa ndiyo ya kweli, huku nikitazama mtoto wake akining'inia kwenye mkono wake.

Maana wivu haukuondoka. Nilitegemea utaondoka pamoja na sauti, na ulipobaki niliogopa kuwa ugonjwa unarudi. Nikamwuliza muuguzi kama kuna kidonge chake. Alicheka kwanza, kisha akaona sitanii. Akasema bomba likizungumza nimpigie simu mara moja, nikikosa usingizi siku mbili nimpigie pia. Lakini kumwonea mwenzangu wivu kwa sababu ana nilichokitaka, huo ni wangu mwenyewe, nitauchukua nyumbani. Sijui kwa nini lilinifariji. Nilikuwa nimezoea kudhani kila kibaya ndani yangu ni cha kutibiwa, na kumbe kimoja kilikuwa tabia tu.

Tulimpata binti yetu baada ya miaka mitatu. Tuliwaambia kabla, kama tulivyoagizwa, na nilipimwa na kuulizwa mpaka nikachoka, na dawa niliendelea nayo kwa kipimo walichoona salama. Daktari alishauri mtoto apewe chupa. Wodini nilikuwa katikati ya wanawake wawili wanaonyonyesha, nikawaonea wivu wote wawili, kulia na kushoto. Mwenzangu alikuja na yule kijana wake, sasa msemaji, aliyemjibu mama yake Kiswidi kila alipoulizwa kwa Kiswahili. Nilimpa binti yangu ampakate. Mama mkwe alituma kanga mbili na barua isiyo na swali.

Mwisho wa miaka ya sabini walirudi Kenya. Tuliwasindikiza, tukapunga mikono, na niliporudi nyumbani nilijisikia nimetua mzigo, kisha nikaona aibu, kisha nikaanza kumkumbuka. Barua yake ya kwanza ilifika baada ya miezi miwili. Alikuwa amefanywa mwalimu mkuu, nyumba ya shule ina bustani, mvua imenyesha vizuri. Niliisoma mara mbili nimesimama karibu na sanduku la barua, na nikausikia wivu ukinyanyuka tena, mzima wa afya. Nikapanda nyumbani, nikatafuta kalamu, nikamjibu siku hiyohiyo, nikimwuliza shule ina madarasa mangapi na kama wanafunzi wanamwogopa.